Maji Yasiyonuka Dawa Ndiyo ya Kuogopa

Nenda kwenye gati lolote la maji, Handeni Mjini au Korogwe, kalia dumu lako huku foleni ikisogea, na hukumu utaisikia. Maji ya bomba yana dawa. Yanakausha koo, yanaharibu chai, na wanaume, wakishahakikisha hakuna mkwe aliye karibu, wataongeza kwamba yanamaliza nguvu. Maji mazuri kwa mujibu wa baraza hilo ni meupe, hayana harufu wala ladha: ya kisima cha jirani, ya mvua, au ya mto yakishalala mtungini usiku kucha. Nimewasikia walimu wakisema hivyo. Nimemsikia hata muuza duka la dawa. Wote wamekosea, na ni kosa linaloweza kuua.

Chanzo cha imani hii kinaeleweka. Handeni ni nchi ya ukame. Vizazi vimekunywa maji ya malambo, ng'ombe upande huu na mama mwenye kata upande ule, na katika hali hiyo jicho ndilo lililokuwa maabara: tope likishuka chini, maji yanafaa. Bomba kuu la Handeni, lile ambalo kila mtu analiita HTM, lilijengwa miaka ya 1970 ili kuvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Bomba lilikuja, lakini jicho halikustaafu.

Basi tuuangalie huo mto. Unaanzia Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unapokea Mkomazi, unapokea Luengera inayoshuka na udongo wa Usambara. Njiani kuna mashamba ya mkonge na mpunga, mifugo, vijiji na vyoo vyao. Masika ikikolea, maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Anayeyasifu maji ya mto kuwa ni ya asili, mwambie kinyesi nacho ni cha asili.

Kuyasafisha kuna mpangilio usiorukwa. Chembe za udongo mfinyanzi zina chaji ya aina moja, kwa hiyo zinasukumana na kuelea siku nzima. Shabu inaivunja chaji hiyo, chembe zinashikana, zinakuwa mabonge, zinazama. Kinachobaki kinanaswa na chujio la mchanga. Kipimo cha shabu kilichotosha jana hakitoshi leo kama mvua imenyesha Lushoto, ndiyo maana mtambo unahitaji mtu anayepima, si anayemimina kwa mazoea. Klorini huja mwisho, kwa sababu tope linaila klorini na kuwaficha vijidudu ndani yake. Shirika la Afya Duniani linataka ukungu wa maji uwe chini ya kipimo 1 kabla ya klorini kutiwa. Jicho la binadamu huanza kuuona ukungu huo ukikaribia 4. Maji unayoyaona meupe kwenye glasi, kwa hiyo, yanaweza kuwa yamekwishavuka mstari, na yale yasiyo na ukungu kabisa bado yanaweza kubeba kipindupindu bila kubadilika rangi.

Halafu kuna mgao. Bomba likikaa tupu kisha maji yakarudi, pale lilipopasuka karibu na mtaro linaweza kufyonza maji ya mtaro. Maji yaliyotoka mtamboni yakiwa safi yanachafuka barabarani. Kitu pekee kinachosafiri nayo kuyalinda hadi kwako, na hadi ndani ya dumu ambalo mtoto atatumbukiza mkono, ni klorini iliyobaki, kiasi cha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Hiyo harufu unayoilaani ndiyo hiyo.

Kama hilo linaonekana kuwa darasa la kinadharia, kuna mji wa Walkerton, Ontario, nchini Kanada, wenye watu wasiofika 5,000. Waendesha mitambo wake waliamini maji ya visima vyao ni mazuri kabla ya kutibiwa; wenyewe waliyanywa hivyo hivyo. Baadhi ya wakazi, kama wa kwetu, walikuwa wakiomba dawa ipunguzwe kwa sababu ya ladha. Wakapunguziwa, na kwenye daftari zikaandikwa namba za klorini ambazo hakuna aliyezipima. Mei 2000 ikanyesha mvua kubwa, maji yaliyopita kwenye samadi ya ng'ombe shambani yakaingia kisima kimoja kifupi. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 wakaugua. Vijidudu havionekani kwenye glasi. Hiyo ni Kanada, nchi tajiri, yenye sheria na maabara. Sisi tuliozika watu kwa kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 tunajadili ladha ya chai.

Kuhusu nguvu za kiume nitasema kwa kifupi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa salama kwa kunywa maisha yote ni miligramu 5 kwa lita, mara kumi na zaidi ya kinachotakiwa kukufikia bombani. Jersey City, Marekani, inatia klorini katika maji yake tangu 1908, na bado wanazaa. Ni kweli kwamba klorini ikikutana na majani na uozo hutengeneza kemikali zisizotakiwa. Dawa yake ni kuutoa uozo kwanza, yaani shabu na mchanga vifanye kazi; kuiondoa klorini ni kuikimbia mvua na kuingia mtoni.

Na harufu ikizidi ghafla? Lalamika, lakini ujue unacholalamikia. Mara nyingi ukali ule unatokana na klorini iliyokwisha kupigana na uchafu, na swali ni uchafu huo umeingilia wapi.

Hapa nawageukia wakubwa, maana imani hii wanaistawisha wao. Wanasimama jukwaani na kusema maji ni safi na salama, nukta, bila namba hata moja. Juni 2022 ilisainiwa mikataba ya mradi wa miji 28 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India, na Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo. Tangu hapo tunahesabiwa lita, kilomita za bomba na mabilioni. Lita ni jambo jema, aliyebeba ndoo kichwani anajua. Lakini mtambo mkubwa ukikosa shabu wiki moja ya masika unasambaza tope kwa watu wengi zaidi.

Kipimo cha klorini iliyobaki ni kidonge na kichupa: maji yakigeuka waridi ipo, yasipobadilika haipo. Mwuza maji gatini anaweza kufundishwa asubuhi na kupima mchana, kisha akaandika kwa chaki ukutani, karibu na bei ya ndoo. Mkutano ujao wa mtaa, anayetaka kusimama aombe dawa ipunguzwe, akae. Asimame wa kuuliza: jana, kwenye bomba la mwisho kabisa la mtaa huu, klorini ilibaki ngapi, na nani aliyeipima?