Kimbunga cha Haji Gora kwenye baridi ya Njombe

Mwezi Julai, abiria wa Njombe hungoja basi pale Makambako amejikunyata ndani ya koti zito. Mwandishi wa safu hii hutoa kitabu cha mashairi. Njia ni kama kilomita 60 tu, lakini mashairi matatu, kila moja likirudiwa kwa sauti ya chini, humfikisha bila kuhisi safari.

Diwani anayoibeba zaidi ni Kimbunga ya Haji Gora Haji, ya mwaka 1994. Haji Gora alizaliwa kisiwani Tumbatu, Zanzibar, mwaka 1933, akavua samaki, akabeba mizigo bandarini. Mtu wa bahari hasa. Shairi lililoipa diwani jina lake linasimulia upepo wa ajabu uliong'oa mibuyu ukaiacha minazi.

Mtoto wa Njombe ataionea wapi mibuyu? Huku kuna misindano, mikaratusi na mianzi ya ulanzi. Mwandishi huyu alipolisoma shairi hilo kidato cha tano, mibuyu ilimgeukia misindano na minazi ikawa mianzi: mti mnene umelala shambani mizizi juu, na mwanzi jirani yake umeinama, umeinuka tena. Hakuna aliyemwelekeza hivyo. Hadi leo anaamini kwamba siku ile, peke yake bwenini, ndipo alipojua shairi linasema nini kuhusu wakubwa na wanyonge.

Darasani ilikuwa vingine. Shairi lilifika limeshakatwakatwa: vina, mizani, dhamira, tamathali. Halikusomwa lote kwa sauti hata mara moja. Wenzake wengi waliosoma diwani kama Fungate ya Uhuru au Chungu Tamu waliagana na ushairi siku waliyokusanya karatasi ya mtihani. Hasara kubwa! Vitabu vile viliandikwa kwa ajili ya watu wazima wenye mapenzi, madeni na misiba, yaani watu ambao wanafunzi wale wamekuwa sasa.

Kanuni zina kazi yake. Sheikh Amri Abedi alizieleza mwaka 1954 katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi, na msomaji aliyezoea mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, husikia mtunzi anapovuta pumzi. Lakini ni kanuni za sikio kabla hazijawa za ubaoni. Haji Gora mwenyewe alitungia taarabu. Maneno yake yalipita kwenye koo za waimbaji.

Hata Euphrase Kezilahabi, aliyeviacha vina na mizani katika diwani yake Kichomi mwaka 1974 na kuzusha ubishi mkali, anadai sauti. Pengine anaidai zaidi. Kina kisipokuwepo kukuonyesha pa kupumzika, inakubidi upatafute mwenyewe, na anayekimbia hapati kitu. Mwandishi huyu humsoma usiku, kando ya moto, polepole, akirudia mstari uleule mpaka maana ikae.

Basi kwenu walimu wa Kiswahili wa Njombe na Makambako: kipindi kijacho, kabla ya kuandika neno dhamira ubaoni, lisomeni shairi lote kwa sauti, mara mbili. Kisha mwulizeni mwanafunzi ameona nini, na mwacheni aseme misindano.