Kozi ya biashara: uliza kabla ya kulipa ada

Uwe mkimbizi au mwenyeji wa Kyarumba au Bwera, ukifikiria kusoma biashara chuoni, angalia mambo matatu.

Kwanza, sheria. Chuo cha Uganda kinafundisha sheria za Uganda. Ukivuka Mpondwe kwenda Kasindi, makampuni na mauzo ya kibiashara yanafuata mfumo wa OHADA, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2012. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini tofauti hiyo bado ipo. Anayejua sheria za pande zote mbili atatafutwa na wafanyabiashara.

Pili, kuzungumza mbele ya watu. Wakulima wengi wa kahawa wa Rwenzori huuza kupitia vyama vya ushirika. Huko, hesabu isiyoelezeka haiaminiki.

Tatu, mafunzo kazini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, hivyo ukimbizi peke yake si sababu ya kukunyima nafasi. Uliza chuo: nani ananitafutia nafasi, na nani atasaini ripoti yangu? Wakikosa jibu, usikimbilie kulipa.