Posta na Simu: Tusianze kwa Kuhesabu Vichwa



Jumamosi moja tulikuwa tumekaa kwa jamaa yetu hapa Riverdale Park, ugali umeshaliwa, maongezi yakahamia nyumbani kama kawaida. Mkenya mmoja, Waganda wawili, sisi Wabongo watatu. Ikaja mada ya mashirika ya umma, na wote wakasema kwa sauti moja: Posta na Simu iliuawa na wafanyakazi wengi wasio na kazi. Dawa yake? Fukuza nusu. Nilinyamaza, maana hata mimi miaka kumi iliyopita nilikuwa nasema hivyo hivyo. Sisi mainjinia tunapenda sana jibu lenye namba moja.

Sasa ngoja niseme nilichotakiwa kusema siku ile.

Shirika hili zamani lilikuwa moja kwa nchi zetu tatu, makao makuu Kampala. Jumuiya ikafa 1977, kila nchi ikaunda la kwake. Mwaka 1984 nchi hizo zilitia saini mkataba mjini Arusha wa kugawana mali na madeni, na kila moja ikakubali kuwalipa pensheni raia wake waliotumikia mashirika ya Jumuiya. Karatasi nzuri kabisa. Lakini mwaka 2003 wastaafu wa Tanzania zaidi ya 31,000, wa reli, bandari, ndege na posta, walikuwa mahakamani wanadai haki zao. Serikali ikafanya nao makubaliano 2005, na hata baada ya hapo wazee waliendelea kuandamana Dar es Salaam. Kwa hiyo ndugu yangu unaposema "fukuza nusu", ujue mtu akitoka mlangoni gharama yake haitoki naye. Inahamia kwenye kitabu kingine, na mara nyingi kitabu hicho hakifunguliwi mpaka wazee wakae barabarani.

Tuje kwenye pesa. Katika shirika la pamoja, simu ndiyo iliyokuwa ng'ombe wa maziwa. Mtu alikuwa akipiga simu Ulaya dakika tatu, anasaidia kulipia barua ya mwalimu wa Sumbawanga. Halafu ukaja mgawanyo: Tanzania Januari 1994, Uganda 1998, Kenya 1999. Simu ikaenda zake, posta ikabaki na majengo, baiskeli na barua. Wajibu wa kufika kila wilaya ukabaki pale pale, ila ng'ombe kaondoka. Miaka michache baadaye tukaanza kushangaa kwa nini posta inapata hasara!

Kisa cha Kenya ndicho kinachonikereketa zaidi. Safaricom haikuanguka kutoka mbinguni. Ilianza 1993 kama huduma ndani ya shirika la Posta na Simu la Kenya, ikawa kampuni 1997, Vodafone ikaingia na asilimia 40 mwaka 2000. Asilimia 60 zilikuwa za mama, yaani Telkom Kenya. Mwaka 2007, kabla ya Telkom kuuzwa asilimia 51 kwa France Télécom na wenzake kwa dola milioni 390, zile hisa za Safaricom zilihamishiwa Hazina katika kusafisha madeni yake. Mwaka uliofuata serikali ikauza robo ya Safaricom kwa wananchi, shilingi 5 kwa hisa, ikapata shilingi bilioni 50. Mama kabaki na nyaya za shaba, nguzo, na maelfu ya watu wa kupunguzwa. Halafu tunamwambia mama, tatizo lako una watoto wengi mezani.

Mkenya wetu atanijibu kwamba hata wangeachiwa hisa hizo wangezitafuna. Inawezekana. Sitetei uzembe wala ajira za kupeana kindugu. Wazee wetu walikuwa wakisubiri laini ya simu ya mezani miaka na miaka, na ukifika dirishani unaambiwa njoo kesho. Ila kutafuna ni kosa moja na kunyang'anywa chungu ni jambo jingine, hesabu zake zisichanganywe.

Kwetu Tanzania, TTCL iliuzwa asilimia 35 mwaka 2001 kwa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani kwa dola milioni 120. Zililipwa 60, zilizobaki zikawa mgogoro juu ya hesabu za shirika. Mwaka 2016 serikali ikazinunua tena hisa hizo kutoka Bharti Airtel, shilingi bilioni 14.9. Miaka 15, tukarudi tulipoanzia. Swali la nani analipia huduma isiyo na faida halikuguswa wakati wa kuuza wala wakati wa kununua.

Haya, na hawa wenyeji wetu? Mtu wa posta anapita mtaani kwetu siku sita kwa wiki. Akiwa na barua moja au kumi, miguu na mafuta ni yale yale; gharama iko kwenye njia, na njia haipungui kwa sababu umempunguza mtu. Mwaka 2006 bunge lao liliilazimisha posta iweke akiba ya matibabu ya wastaafu mapema, kama dola bilioni 5.5 kila mwaka kwa miaka kumi. Sehemu kubwa ya hasara iliyotangazwa miaka ile ilikuwa hiyo. Ilipofika 2012 ikashindwa kulipa, na sharti likafutwa kwa sheria ya 2022. Isieleweke kwamba sasa wamepona: mwaka wa fedha 2024 walipata hasara ya dola bilioni 9.5, na barua za kawaida zimeshuka kutoka zaidi ya bilioni 100 mwaka 2001 mpaka chini ya bilioni 50. Lakini angalau wanabishana wakiwa na namba mezani, kila mtu anaziona.

Kwetu Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 imeweka vibao vya mitaa na namba za nyumba. Barua nyingi bado zinaishia kwenye sanduku la posta, tena la ofisini kwa mjomba. Anwani bila mtu wa kutembea ni rangi ukutani. Hapo posta inahitaji watu, tena wenye pikipiki, na vifurushi vya wanaonunua vitu mtandaoni vitachangia mishahara yao. Kule ambako havitachangia, serikali iandike kwenye bajeti: njia hii ya Nkasi ina hasara kiasi hiki, tunailipia sisi, mkaguzi akague. Pensheni nayo iwe na mstari wake. Baada ya hapo anayetaka kuhesabu vichwa na ahesabu, nitamshikia daftari.

Bajeti husomwa Dodoma mwezi wa sita. Jamaa yangu mwenye ugali ameahidi kutupokea tena wiki hiyo, na kile kitabu nitakuja nacho nimeshakichapisha, hata kama ni kurasa mia tatu.