Kazi za kijani Kivu: bila kujibu swali la makala, ahadi zitabaki kwenye karatasi

Mnamo Januari 2025, Rais Félix Tshisekedi alitangaza huko Davos, Uswisi, mpango wa Ukanda wa Kijani Kivu–Kinshasa. Ni eneo la zaidi ya kilomita za mraba 540 000, lenye kuunganisha mashariki ya inchi na mji mkuu kwa kupitia Kisangani na mto Kongo. Serikali ilisema mpango huo utaleta kazi 500 000, na kwamba tani milioni moja za chakula zitatoka Kivu kila mwaka kwenda Kinshasa. Siku chache baadaye, tarehe 27 Januari, waasi wa AFC/M23 waliingia Goma.

Ukanda huo ukajikuta una kichwa chake katika eneo la vita. Mabenki ya Goma yalifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na mashirika mengi yaliyokuwa yakilipa mishahara yakapunguza watu. Lakini swali la kazi za kijani halikuondoka pamoja na mabenki. Kila asubuhi linaonekana barabarani: vijana wanasukuma chukudu zilizojaa mifuko ya makala, na akina mama wanayauza kwa ndoo na kwa kopo mbele ya nyumba zao.

Kazi ya kijani ni ile inayomlisha mtu bila kumaliza pori, udongo na maji ambavyo watoto wake watavihitaji. Kwa Kivu, kipimo chake cha kwanza ni hiki: je, inaweza kumlipa mtu anayeishi leo kwa makala, na kumlipa mapema, kabla njaa haijamrudisha porini?

Milima iliyo uchi

Mabadiliko ya tabianchi siyo maneno ya mikutano ya ng'ambo tu. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilibomoa Bushushu na Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Watu zaidi ya 400 walikufa na wengi hawakuonekana tena. Maji na mawe vilishuka kwa nguvu kutoka milima iliyobaki na miti michache, vikakuta nyumba zimejengwa karibu na mito na kando ya ziwa.

Wanasayansi wa kundi la kimataifa la World Weather Attribution walijaribu kupima mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika msiba huo. Hawakuweza kutoa jibu, kwa sababu vipimo vya mvua vya kutosha havikupatikana katika eneo hilo. Hapo peke yake kuna kazi ya kijani ambayo watu huisahau: kupima mvua na mito kila siku, na kuwaonya wakaaji mapema. Ni kazi ambayo vijana waliomaliza masomo katika vyuo vya Bukavu na Goma wangeweza kuifanya, na haihitaji kiwanda.

Makala ni mshahara wa wengi

Goma ni mji wa wakaaji zaidi ya milioni moja, na nyumba nyingi hupika kwa makala. Kwa miaka mingi, viongozi wa mbuga ya taifa ya Virunga na mashirika ya mazingira wamesema kwamba sehemu kubwa ya makala hayo hutoka ndani ya mbuga, mahali ambapo kukata miti kunakatazwa na sheria.

Namna ya kuyatengeneza inaeleza hasara yake. Mchomaji hukata mti, hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyaunguza polepole kwa siku kadhaa. Kwa tanuru ya udongo ya namna hiyo, mara nyingi zinahitajika kilo saba mpaka kumi za mti kwa kupata kilo moja ya makala. Tanuru iliyoboreshwa inaweza kutoa makala mengi zaidi kwa magogo yale yale, lakini mtu anayechoma kwa kujificha hawezi kujenga kitu cha kudumu. Anatafuta kumaliza haraka na kuondoka.

Mfuko mmoja wa makala hupitia mikono mingi kabla ya kufika kwenye mbabula: mchomaji, wabebaji, mwenye lori ao mwenye chukudu, muuzaji wa jumla, mama wa sokoni. Katikati kuna vizuizi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi katika ripoti zao jinsi makundi yenye silaha, pamoja na FDLR, yanavyojipatia pesa katika makala ya Virunga, na hata baadhi ya watu wa jeshi la serikali wamewahi kutajwa. Zaidi ya walinzi 200 wa mbuga hiyo wameuawa katika historia yake.

Vita vimezidisha uzito. Kati ya 2022 na mwanzo wa 2025, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa vita waliishi katika kambi kandokando ya Goma, karibu na mbuga. Bila kuni hakuna chakula, na wanawake wengi waliokwenda kutafuta kuni walibakwa, jambo ambalo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lililieleza mara kwa mara. Kwa hiyo, kumwambia mtu “usikate mti” bila kumwonyesha njia nyingine ya kupika ao ya kupata franka ni kumwomba alale na njaa.

Mti unangoja miaka, tumbo haliwezi

Jibu la kwanza lililojaribiwa ni kupanda miti ya makala nje ya mbuga. Tangu mwaka 2007, shirika la WWF, kwa mpango wake wa EcoMakala, limesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda maelfu ya hektari za mikaratusi, gravilea na miti mingine inayokua haraka. Wazo ni zuri: makala yanabaki, biashara inabaki, lakini mti unatoka shambani kwa mkulima.

Mpango wa aina hiyo unagonga mawe mawili. La kwanza ni muda. Mikaratusi inahitaji miaka kadhaa kabla ya kuvunwa, na mkulima mwenye robo ya hektari anataka kula msimu huu. Akipanda miti mahali pa maharagwe, lazima kitu kingine kimlipe wakati anangoja: kazi katika vitalu vya miche, nyuki, mboga kati ya mistari ya miti, ao mkopo mdogo. Mabenki yakiwa yamefungwa, uzito wote unaangukia makundi ya akiba ya kijiji, AVEC na MUSO, ambayo yana pesa kidogo na mara nyingi yanahitaji kurudishiwa ndani ya miezi michache.

La pili ni udongo. Katika sehemu nyingi za Kivu, mwenye shamba humkataza mpangaji kupanda miti, kwa sababu mti wa miaka mingi ni alama ya umiliki. Mpangaji anaruhusiwa mihogo, mahindi na maharagwe, basi. Hivi pesa za miche huelekea kwa mwenye mashamba makubwa, na maskini aliyekuwa akichoma makala anabaki pale pale. Mkataba wa wazi kati ya mwenye shamba, mpangaji na shefu wa kijiji, unaosema ni nani atavuna mti, unaweza kuleta kazi nyingi kuliko shehena nzima ya miche.

Umeme wa mito: megawati siyo kazi peke yake

Jibu la pili ni umeme. Mbuga ya Virunga, chini ya mkurugenzi wake Emmanuel de Merode, ilianza mwaka 2013 na kituo kidogo cha Mutwanga, kwenye miguu ya mlima Rwenzori. Mwishoni mwa 2015 kikafuata kituo cha Matebe, teritwari ya Rutshuru, chenye megawati 13,6. Baadaye vikaja Luviro huko Lubero na Rwanguba huko Rutshuru. Katika mji wa Goma, kampuni ya Nuru iliwasha mwaka 2020 kituo cha nguvu za jua cha megawati 1,3. Katika inchi ambamo karibu mtu mmoja tu kwa watano ana umeme, hizo ni hatua kubwa.

De Merode amesema mara nyingi kwamba kila megawati inaweza kuzaa kazi kati ya 800 na 1 000. Rutshuru ilionyesha maana ya hesabu hiyo: mashine za kusaga zilizokuwa zikinywa mazuti zikahamia kwenye umeme, kiwanda cha sabuni kikafunguliwa, wachomeleaji na maseremala wakapata nguvu ya kuendesha vyombo vyao.

Lakini Luviro ilionyesha upande mwingine. Mnamo 2020, nyaya zikiwa bado hazijafikia wateja wa kutosha, mbuga ilianza kutumia sehemu ya umeme huo kuendesha kompyuta zinazotafuta bitcoin. Pesa zake zilisaidia mbuga wakati utalii ulipofungwa, na hilo si jambo dogo. Ila kompyuta hizo hula umeme mwingi na huajiri watu wachache sana. Megawati huzaa kazi pale tu ambapo kuna waya, barabara, mkopo wa kununua mashine, na mnunuzi wa kile mashine inachotoa.

Kuhusu kupika, hesabu ya mama wa Goma ni nyepesi kueleweka. Makala yanauzwa kwa kopo, kwa kiasi cha pesa kilichopo mkononi siku hiyo. Kuunganishwa na umeme na kununua jiko lake kunataka pesa nyingi kwa mara moja. Hata kama mwisho wa mwezi umeme ungekuwa nafuu, mtu anayeishi kwa siku hawezi kufika mwisho wa mwezi huo. Jiko linalolipwa kidogo kidogo, pamoja na umeme wa kulipia mbele, linaweza kuvunja kizuizi hicho. Hata mbabula iliyoboreshwa, ambayo mafundi wa mtaani wanaweza kuitengeneza, hupunguza makala na wakati huohuo huleta kazi bila kungoja waya.

Na vita havisahauliki. Mapigano ya Januari 2025 yaliharibu njia ya umeme unaokuja Goma. Pampu za maji zilisimama, na wakaaji wengi wakachota maji ya ziwa bila kusafishwa. Kila kazi iliyosimama juu ya waya mmoja ilisimama siku hiyo.

Kakao, kahawa na sheria ya Ulaya

Njia ya tatu ni mazao yanayoshika udongo na kuleta pesa: kakao ya Beni, kahawa ya Lubero na ya kandokando ya ziwa Kivu. Huko Mutwanga, kiwanda kidogo cha chokoleti kinachotumia umeme wa mbuga kimeonyesha kwamba kakao inaweza kubadilishwa hapa hapa badala ya kuondoka yote ghafi.

Hatari ziko mbili. Waasi wa ADF wamewaua wakulima wengi katika mashamba yao ya kakao, mara nyingi wakati wa mavuno. Na Umoja wa Ulaya umepitisha sheria, mwaka 2023, inayokataza kuingiza kakao na kahawa kutoka mashamba yaliyofyekwa porini baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kwake kumesogezwa zaidi ya mara moja, lakini muda huo unafaa tu kama kooperative zinautumia kupima mashamba ya memba wao. Mkulima asiye na alama za shamba lake kwenye ramani anaweza kunyimwa soko hata kama hajakata mti hata mmoja. Kupima mashamba hayo ni kazi nyingine ya kijani, na vijana wenye simu wanaweza kujifunza kuifanya.

Ukanda wa Kijani na visima vya mafuta

Kinshasa imejitambulisha kama “inchi suluhisho” mbele ya dunia. Mwaka 2021, huko Glasgow, ilitia sahihi mapatano na mfuko wa CAFI ya dola milioni 500 kwa ajili ya misitu. Lakini mwaka uliofuata serikali ilitangaza mnada wa vitalu vya mafuta, vingine vikigusa Virunga, kisha ikaufuta mnada huo Oktoba 2024. Mwaka 2025 ikafungua vitalu vingine 52, ambavyo vinafunika sehemu kubwa ya Ukanda wa Kijani wenyewe. Mwekezaji wa miti anasoma hayo yote. Mkulima wa Masisi pia anayasikia kwenye redio, na anajiuliza kama mti anaoombwa kuupanda utamkuta bado na shamba.

Kwa sababu hiyo hesabu ya kazi 500 000 haitasaidia mtu kama haigawanywi wazi: ngapi ni za mwaka mzima, ngapi ni za wiki ya kupanda miche, ngapi ni za wanawake, ngapi zinalipa kuliko mfuko wa makala. Waliotia pesa na wanaotawala, Kinshasa na Goma, wanaweza kuulizwa hayo leo, hata kabla ya amani kamili.

Biashara ya makala imeshika Kivu kwa sababu inalipa siku ile ile, haiombi karatasi ya shamba, na mnunuzi wake yuko kila mtaa. Kazi ya kijani ikitaka kuchukua nafasi yake, lazima ijifunze mambo hayo matatu kwa adui wake. Pale ilipoyafuata, kwa mashine ya kusaga Rutshuru ama kakao ya Mutwanga, watu waliifuata bila kuhubiriwa.