Hesabu ya Keroro: Mbona Bia Inakatwa Ushuru Mara Mbili ya Makali?

Tangu 27 Desemba 2024, ushuru wa pombe Kenya hauhesabiwi tena kwa lita. KRA sasa inahesabu alkoholi yenyewe iliyo ndani ya chupa. Bia ya kawaida isiyozidi asilimia 6 inalipa Sh22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi tupu. Makali? Sh10. Soma hapo tena polepole, mdau. Alkoholi ni ile ile, lakini ikikaa kwa bia inakatwa zaidi ya mara mbili.

Hebu tupige hesabu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina sentilita 2.1 za alkoholi, so ushuru ni Sh47.25. Kachupa ka makali ka mililita 250, asilimia 40, kana sentilita 10. Ushuru ni Sh100. Ukitaka kufikisha hizo sentilita 10 kwa bia utahitaji karibu chupa tano, na serikali itakuwa imebeba kama Sh225. Msee wa mjengo anayetafuta kulewa na doh kidogo hahitaji digrii kujua atanunua gani.

Noma ni kwamba kati ya hizo mbili, bia ndiyo inakuja na nguvu kidogo, na ndiyo inalindwa na sayansi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jikoni kwa bia

Wengi hudhani bia ni nafaka imechemshwa ikaachwa ichache. Wapi! Shayiri inalowekwa mpaka ichipue, kisha inakaushwa iwe kimea. Kimea kikisagwa kinachanganywa na maji ya moto, digrii 62 hadi 72 hivi. Hapo vimeng'enya vinavunja wanga kuwa sukari. Joto likiwa la chini, bia inatoka nyepesi na kavu. Likipanda, inabaki nzito yenye utamu. Digrii chache tu na umepika kinywaji kingine kabisa.

Halafu inachemshwa na hopsi karibu saa moja ndiyo ipate uchungu, inapozwa haraka, hamira inaingia. Hamira ni kiumbe hai na ina tabia zake. Ya lager inapenda baridi, digrii 8 hadi 14. Ukiiharakisha kabla imalize kazi, bia inabaki na ladha ya siagi. Ukiweka bia kwa chupa isiyo na rangi na jua liipige, inaanza kunuka vibaya. Ndiyo maana chupa nyingi ni za kahawia.

Haya yote watu walijifunza kwa maabara. Carlsberg ya Copenhagen ilifungua yake 1875. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen akafanikiwa kukuza hamira safi kutoka seli moja, na ile shida ya hamira za mwitu kuharibu pipa zima ikapata dawa. Ni kwa maabara hiyo hiyo Sørensen alileta kipimo cha pH mwaka 1909. Kule Dublin, Guinness iliajiri William Gosset, na hesabu zake za sampuli ndogo za mwaka 1908 bado zinasumbua wanafunzi wa takwimu hadi leo.

Kipimo sasa ni pesa

Mpishi wa bia hupima uzito wa maji ya kimea kabla na baada ya kuchacha. Ikianza 1.048 na kuisha 1.010, hiyo ni karibu asilimia 5. Zamani kosa dogo hapo lilikuwa shida ya ladha. Leo ni bili. Kwa lita milioni moja, tofauti ya asilimia 0.1 ni Sh2.25 milioni za ushuru.

Na usalama je? Bia ina asidi, ina hopsi, ina alkoholi kiasi na haina hewa, so vijidudu vya magonjwa haviponi humo. Methanoli kwa bia ya nafaka ni chembe tu. Kinachoua mtaani mara nyingi ni methanoli ya viwandani ambayo mtu ameichanganya kwa kinywaji ndiyo apate faida ya haraka. Kirinyaga, Februari 2024, watu 17 walizikwa juu ya pombe ya sumu.

Wanaotetea makali wana hoja: ukiyapandishia ushuru, walevi watakimbilia chang'aa. Ni kweli. Lakini hiyo ni sababu ya kushusha bia ya bei nafuu, si ya kuiacha juu. Tushaona hii sinema. Senator Keg ililetwa 2004 ndiyo iwatoe watu kwa pombe haramu. Mwaka 2013 serikali ikapunguza nafuu ya ushuru, mauzo yakaporomoka, na 2015 ikabidi wairudishe.

Wabunge walionekana kuelewa nusu ya somo, maana viwanda vidogo huru vya bia vilipewa Sh10, sawa na makali. Poa kwa wasee wa bia za kienyeji-kisasa hapa Nairobi. Lakini mnywaji wa kawaida hanywi hizo. Bei zake si za mtaa.

Kama alkoholi ndiyo inalipiwa, basi ilipiwe bei moja, ama kinywaji chenye nguvu kidogo kilipe kidogo. Kwa sasa sheria inamwambia msoto wa mtaani akunywe kitu kikali zaidi. Halafu wakubwa watakuja kwa mazishi kushangaa.