Kishikwambi, Kisukuma na Mtoto wa Darasa la Kwanza

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa walimu wa shule za umma nchini Tanzania. Tangu hapo imekuwa kawaida kusikia, katika warsha na katika hotuba, kwamba teknolojia ya kidijitali itamwezesha mwalimu kumfundisha kila mwanafunzi kwa kiwango chake, aliye mbele asizuiwe na aliye nyuma asiachwe. Wazo hilo ni jema, na mwalimu mwenye darasa la watoto zaidi ya mia moja hawezi kulibeza. Hata hivyo, lipo swali ambalo wanaisimu wana wajibu wa kuliuliza kabla ya wataalamu wa kompyuta: chombo hicho kinapompanga mtoto katika kiwango fulani, kinapima tofauti ipi hasa?

Mikoa ya Shinyanga na Geita ni mahali pafaapo kulitafutia jibu. Katika vijiji vya wafugaji na wakulima wa pamba vya Kishapu na Shinyanga Vijijini, watoto wengi huingia darasa la kwanza wakiwa na lugha moja tu, nayo ni Kisukuma. Kiswahili hukisikia redioni na gulioni, lakini hawajawahi kukitumia kuomba maji. Ukielekea magharibi kwenye ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Mbogwe, Nyang'hwale na Geita, hali ni nyingine. Katoro, Nyarugusu na Rwamagasa zimevuta watu wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kinachosemwa sokoni na kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Mtoto wa huko aweza kukizungumza Kiswahili kwa ufasaha, ilhali herufi hazijui, kwa kuwa wazazi wake huhama kila zinaposikika habari za dhahabu mpya, naye huhama shule pamoja nao. Wako pia wasiohudhuria kwa sababu wako kazini. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza kwa kirefu habari za watoto wa Geita, Kahama na Chunya waliokuwa wakifanya kazi katika machimbo madogo na kushika zebaki kwa mikono.

Basi watoto hao wawili wakipewa sentensi moja ya Kiswahili, wote wawili watashindwa kuisoma. Programu itawaweka katika kiwango kimoja na kuwapa zoezi moja. Kumbe wa kwanza anahitaji lugha na wa pili anahitaji herufi. Zoezi la silabi litamfaa wa pili. Wa kwanza litamfundisha kutamka sauti zisizo na maana yoyote kwake, na baada ya mwaka ataonekana anasoma ilhali haelewi asomalo. Huo si ufundishaji unaozingatia tofauti za wanafunzi, maana tofauti yenyewe haijaonekana.

Ugumu unazidi pale programu inapomsikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Kisukuma kina irabu 7, Kiswahili kina 5. Kisukuma hutofautisha maana kwa toni na kwa urefu wa irabu, Kiswahili hakifanyi hivyo. Na sauti ya r si ya Kisukuma cha asili. Mtoto anayeliona neno barua na kutamka balua amesoma. Ameitambua kila herufi, ameziunganisha, na amelifikia neno. Kilichobaki ni lafudhi tu, tena lafudhi ya mamilioni ya Watanzania. Mwalimu aliyekulia Maswa au Kahama atatabasamu na kusonga mbele. Programu iliyozoezwa kwa sauti za Dar es Salaam itamhesabia kosa, itamrudisha nyuma, na itamrudisha tena kesho. Mambo haya si mageni kwa wanaisimu: Herman Batibo alikwisha kuichambua fonolojia ya Kisukuma katika kitabu chake cha mwaka 1985. La kushangaza ni kwamba ujuzi wa aina hiyo haujaonekana kuwa sehemu ya kazi ya kutunga programu za kusomea.

Watetezi wa vishikwambi hutaja sana jaribio la Tanga, na ni haki litajwe. Katika mashindano ya XPRIZE, karibu watoto 3,000 wa takriban vijiji 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua, wajifunze bila mwalimu. Mwanzoni zaidi ya watoto 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 Kitkit School na onebillion walitangazwa washindi, na programu zilizoshindanishwa zikaachwa wazi zitumiwe na yeyote. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini Tanga ni mkoa ambao Kiswahili kina mizizi mirefu kuliko Kishapu, na nusu ile iliyobaki bila kusoma haistahili kusahauliwa. Walikuwa akina nani, na nyumbani walikuwa wakisema lugha gani? Anayetaka kuyahamishia matokeo hayo Usukumani hana budi kuanza na maswali hayo.

Utafiti wa Kisumu, Kenya, uliochapishwa mwaka 2016, unafaa kusomwa pamoja na huo wa Tanga. Huko zililinganishwa njia tatu: kishikwambi mkononi mwa mshauri wa walimu, mkononi mwa mwalimu, na kifaa cha kusomea mkononi mwa mwanafunzi. Zote zilisaidia kusoma, wala hazikupishana kwa kiasi cha maana; zilichopishana sana ni gharama, na ya mwanafunzi ndiyo iliyokuwa ghali. Kwa nchi isiyoweza kumnunulia kila mtoto kifaa, hoja hiyo ina uzito.

Shinyanga yenyewe ina funzo la karibu zaidi. Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014 hadi 2020, uliwaandaa kwa shule watoto wasiojua Kiswahili kwa njia ya hadithi na michezo, wakiongozwa na wasaidizi waliotoka katika jamii zao. Msaidizi wa namna hiyo humwelewa mtoto kwa Kisukuma kisha humvusha kwenda kwenye Kiswahili. Mradi huohuo ulipeleka vishikwambi shuleni, ila kwa ajili ya takwimu za mahudhurio na utawala. Hadithi zilikwenda upande mmoja na vifaa upande mwingine, na inasikitisha kwamba viwili hivyo havikukutanishwa.

Watakuwapo watakaohofu kwamba Kisukuma kikiingia darasani Kiswahili kitadhoofika, na kwamba ukabila utarudi kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo ina historia yake na haifai kudharauliwa. Lakini hapa hakuna anayeomba Kiswahili kiondolewe katika nafasi yake ya lugha ya kufundishia, nafasi kilichonayo katika shule za msingi tangu 1967. Kinachoombwa ni kipimo cha dakika chache siku za mwanzo, kwa sauti ya Kisukuma, kitakachomwambia mwalimu kama mtoto huyu haelewi lugha au hajui herufi; pamoja na maagizo na hadithi fupi katika lugha zote mbili kwa muhula wa kwanza. Kiswahili hupoteza zaidi kwa mtoto anayekikariri miaka saba bila kukielewa.

Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zinayo malighafi ya kazi hiyo. Atlasi ya Lugha za Tanzania ilichapishwa mwaka 2009, sarufi na misamiati ya Kisukuma ipo, na kila mwaka wapo wanafunzi wa isimu wanaotoka Shinyanga, Geita, Simiyu na Mwanza wakitafuta mada za tasnifu. Wanaweza kurekodi usomaji wa watoto wa darasa la kwanza na la pili, kutenga makosa ya lafudhi na makosa ya usomaji, na kuitia orodha hiyo katika programu ambazo tayari ziko huru kutumiwa. Mwalimu hupangwa kokote nchini, na wengi walioko Nyang'hwale na Kishapu wametoka Kilimanjaro, Mbeya au Ruvuma, hawakijui Kisukuma hata salamu. Kishikwambi anacho tayari mezani, na hao ndio wa kupelekewa kipimo hicho kwanza.