Makaratasi Yetu: Usaha wa Sikio na Mfupa wa Nyuma Yake

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamepata kumwona mtoto anayetoka usaha sikioni. Huku kwetu, toka Ikutha hata Mutomo, mama huufuta kwa kitambaa kisha akaendelea na kazi zake, maana amekwisha kuwaona wengine wakipona. Juma hili nataka kunena habari za saa ile ambapo kitambaa hakitoshi tena, na za karani ambaye kalamu yake yaweza kumfaa mtoto huyo au kumpoteza.

Nyuma ya kila sikio pana mfupa unaojitokeza. Weka kidole utauona. Ndani yake mna vijumba vingi vya hewa mfano wa sega la nyuki, navyo vimeungana na chumba cha sikio la kati. Ugonjwa wa sikio usipotibiwa vema, usaha waweza kupenya katika vijumba hivyo na kuuozesha mfupa. Waganga huuita ugonjwa huo mastoiditisi. Dalili zake hazihitaji mashine: homa, na uvimbe nyuma ya sikio unaouma ukiguswa, aghalabu sikio lenyewe husukumwa mbele. Upande wa pili wa mfupa huo pana ubongo, wala ukuta uliopo kati yake si mnene.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto wasiotimiza miaka 5 waeleza jambo hili waziwazi. Usaha wa siku zisizofika 14 ni ugonjwa wa sikio ulioingia karibuni. Ukifika siku 14 au kuzidi, ni ugonjwa sugu. Lakini uonekanapo uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, hesabu ya siku yaachwa. Mtoto apewe dozi ya kwanza ya antibiotiki na dawa ya kutuliza maumivu, kisha apelekwe hospitali upesi.

Sasa natuje kwa makaratasi. Kila ugonjwa una namba yake katika orodha ya mataifa, ambayo asili yake ni orodha ya sababu za vifo aliyoitoa Mfaransa Jacques Bertillon huko Chicago mwaka 1893. Tangu mwaka 1948 imekuwa chini ya Shirika la Afya Duniani. Katika toleo lake la 10, sikio la kati lenye usaha lina namba H66, mastoiditisi kali H70.0, na iliyo sugu H70.1. Kuoza kwa mifupa mingine, kama ule wa paja, kuko mbali kabisa, katika M86. Toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, limebadili namba hizi, lakini shida nitakayoitaja haikubadilika.

Shida yenyewe ni haraka. Tabibu mwenye foleni ndefu mlangoni huandika herufi mbili tu, "OM", akaita mgonjwa mwingine. Herufi hizo hufupisha jina la kitabibu la ugonjwa wa sikio la kati, tena hufupisha jina la kuoza kwa mifupa! Karani afanye nini? Akikisia sikio, huenda mfupa ukasahauliwa. Akikisia mfupa, mtoto wa sikio atahesabiwa pamoja na wenye vidonda vya paja. Hata akisoma "uvimbe nyuma ya sikio" asikimbilie H70.0, kwani uvimbe huo waweza kuwa tezi tu. Karani hana ruhusa ya kupima ugonjwa kwa kalamu. Na alirudishe faili kwa tabibu, hata akikemewa.

Wengine watasema, kuna hasara gani, maadamu mtoto amepata dawa? Hasara ipo. Katika taarifa ya kila mwezi ya wagonjwa wa nje, magonjwa ya masikio hukusanywa katika mstari mmoja, kisha hutiwa katika mtandao wa taarifa za afya ambao Kenya imeutumia nchi nzima tangu mwaka 2011. Aliyeko Nairobi huona idadi ya masikio, haoni mfupa. Basi habari za mfupa hukaa katika faili na katika barua ya rufaa peke yake, na zikikosekana humo hazipo popote.

Mutomo tuna hospitali ya misheni, na apelekwaye mbele zaidi hupita barabara ya Kitui. Barua aliyoichukua mama yafaa itaje sikio la kulia au la kushoto, siku za usaha, siku za uvimbe, kama uso umepinda au shingo imekakamaa, na dawa iliyokwisha kutolewa, kiasi chake na saa yake. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko watu wadhaniavyo, maana antibiotiki yaweza kutuliza homa na maumivu huku mfupa ukiendelea kuoza, na daktari asiyejua atadhani mtoto anapona.

Mwandishi Oscar Wilde alifariki Paris mwaka 1900 kwa ugonjwa wa utando wa ubongo. Baba yake, Sir William Wilde, alikuwa mganga mashuhuri wa masikio mjini Dublin! Waganga waliomhudumia mwana hawakuishia kuandika ubongo. Waliandika kwamba chanzo chake ni usaha wa zamani wa sikio la kulia, uliotibiwa kwa miaka kadhaa. Cheti cha kifo cha siku hizi chadai vivyo hivyo: mstari wa kwanza kilichoua, na mistari ya chini yake kilicholeta hicho. Mtoto akiandikiwa homa ya uti wa mgongo tu, sikio lake halitahesabiwa kamwe.

Nanyi akina mama, siku usaha utokapo mara ya kwanza, iandikeni tarehe katika kijitabu cha kliniki cha mtoto, pamoja na upande wa sikio. Tabibu atawauliza maneno hayo kabla ya mengine yote.